Majogoo wa Ziada Bomani kwa Simba

Wewe uliyekunja miguu hapo, hebu nijibu kabla sijaendelea: jogoo asiye na paa la kuwikia ni jogoo, au ni kitoweo kinachosubiri maji yachemke? Usikimbilie kujibu. Wakubwa walikaa kikao kizima juu ya swali hilo, wakatafuna karanga zote za boma, wakainuka na jibu la hovyo. Hilo jibu la hovyo ndilo nataka kukusimulia.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Kisima kilitoa tope, majani yakawa kama waya, na mtama ghalani kwa Simba ukapungua mpaka panya wakahama bila kuaga. Katika boma hilo Simba alifuga kuku. Usiniulize simba na kuku wapi na wapi. Kila asubuhi alikunywa mayai mabichi kulainisha koo, akapanda juu ya kichuguu, akanguruma, kisha akawauliza waliokuwepo ngurumo imefika wapi. Aliyejibu kwamba imefika mtoni alisalimika. Aliyejibu kwamba imevuka mto alipewa cheo.

Kwa hiyo mitetea walikuwa na kazi, tena ya kudumu. Mzee Jimbi naye alikuwa na kazi. Huyu alikuwa jogoo mkongwe, upanga wa kichwani umelala upande kama kofia ya mlevi, na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kusimama juu ya paa la ghala na kuwika. Sauti ilikuwa imekwisha. Siku hizi aliwika jua likiwa limeshapanda, na watu wa boma walikuwa wanaamka kwa njaa, si kwa jogoo. Lakini kila muda wake ulipokwisha, Simba alimwongezea mwingine, kwa sababu ya uzoefu.

Waliozidi ni majogoo vijana, na hawakuzidi kwa bahati mbaya. Masika yaliyotangulia Simba alitangaza kwamba boma lake litakuwa na vifaranga wengi kuliko boma lolote, akaenda mwenyewe viotani kuchagua mayai ya kuatamiwa. Mama Tetea, kuku aliyezeekea kwenye kiota, alimwambia kwa heshima zote kwamba wao wenyewe huamini mayai yaliyochongoka hutoa majogoo na ya duara hutoa mitetea, kwa hiyo ni vizuri kuchanganya. Simba akayatazama yale ya duara, akayaona yamekaa kinyonge. Akayatazama yaliyochongoka, akasema haya yana hadhi. Ya duara akayanywa palepale. Yaliyochongoka yakaatamiwa.

Vifaranga wakatoka, wakapigiwa vigelegele, wakaambiwa wao ndio boma la kesho, wasome. Wakasoma. Wakajifunza kuwika kwa alfajiri, kuwika kwa adhuhuri, kuwika kwa tahadhari ya mwewe, na kuwika kwa sherehe za kiserikali. Walipohitimu, mabawa yamejaa na vifua mbele, wakaambiwa paa ni moja na lina mwenyewe.

Mmoja wao aliitwa Kishingo, kwa sababu shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, haina hata unyoya mmoja, kama mtu aliyevaa koti akasahau shati. Kila siku alikwenda chini ya ghala kuomba nafasi. Si ya alfajiri, hapana, alijua mipaka. Aliomba hata ya saa nne, wakati mzee amelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kuwika juu ya paa?"

"Sijawahi, mzee. Ndiyo maana naomba."

"Basi huna uzoefu. Ukishaupata, njoo."

"Nitaupatia wapi, mzee, na paa ni hili hili ulilolikalia?"

Mzee Jimbi akafumba macho. Maswali magumu yalikuwa yanamletea usingizi.

Mtama ulipofikia kiwango cha kuchunguliwa kwa kuinama, Simba akaita kikao. Hoja ilikuwa nani anakula bila kuzalisha. Macho yote yakaelekea kwenye uzio, ambako majogoo vijana walikuwa wamekaa kwa mstari, maana ndani hapakuwa na nafasi ya kulala wala ya kusimama.

Wa kwanza kusimama alikuwa Sungura, ambaye hajawahi kulima hata tuta moja maishani mwake na hajawahi kulala njaa. Alisema tatizo si paa. Tatizo ni vijana kukariri maisha. Akaomba apewe fungu la mwisho la mchicha wa boma, naye atawaendeshea semina ya kujikwamua. Akapewa. Akavaa kofia, akawapanga majogoo, akatembea mbele yao mikono nyuma.

Aliwaambia soko la kuwika limejaa, dunia imebadilika, kijana anayetaka kutoboa lazima ajiongeze. Soko la mayai, kwa upande mwingine, liko wazi kabisa. Kwa hiyo wakae kwenye viota, watage.

"Mwalimu," Kishingo akasema, "sisi ni majogoo."

"Hiyo ndiyo fikra mgando inayowaangusha," Sungura akajibu. "Kaa chini. Vuta pumzi. Sukuma."

Wakasukuma. Kuchi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mrefu kama mlingoti, alisukuma mpaka akazirai, na alipopepewa akazinduka akauliza kama kuna chochote kilichotoka. Sungura akaandika kwenye ripoti yake kwamba ameona mwamko. Mchicha ukaisha, semina ikafungwa, na majogoo wakarudi kwenye uzio na maumivu ya kiuno.

Ndipo akasimama Fisi. Fisi alikuwa mshauri mkuu wa boma, na kama kivuli chake kingekuwa na mafuta angekwisha kukila. Siku hiyo alizungumza kwa upole wa kutisha. Alisema ana uchungu sana na vijana. Alisema kuwaua majogoo ovyo ni unyama, na kuwafukuza ni kuwapa mwewe bure. Lakini kuna jambo ambalo boma hili limelisahau, nalo ni mgeni.

Desturi ya pale ilikuwa hii. Mgeni wa heshima akifika, hachinjiwi kuku kimyakimya kana kwamba kuku ameibwa. Anaketishwa, analetewa jogoo akiwa hai, anamwekea mkono mgongoni na kusema, "Nimemwona." Hapo ndipo mpishi, Nyani, anampeleka jogoo nyuma ya jiko. Mgeni asipoonyeshwa, ana haki ya kusema amelishwa makombo. Fisi akapendekeza kwamba majogoo wote wa ziada watengwe kwa ajili ya wageni tu. Wenyeji wasiguse. Ukarimu wa boma utatangaa, wageni watakwenda kusimulia, na jina la Simba litavuka mto.

"Na wewe mwenyewe?" Mama Tetea akauliza. "Hutaonja?"

"Mama yangu, mimi daktari ameniachisha nyama," Fisi akasema. "Hata harufu ya supu inanipa kizunguzungu."

Simba aliposikia jina lake litavuka mto, hakutaka kusikia kingine. Mikono ikanyooshwa. Mzee Jimbi alinyoosha mabawa yote mawili. Majogoo hawakuulizwa kitu. Walipewa pole, na wakaambiwa wajivunie mchango wao.

Haikupita muda, mgeni wa kwanza akabisha hodi. Alikuwa Mkaguzi wa Maboma, kaweka miwani ya waya isiyo na vioo, anakohoa kabla ya kila sentensi. Alisema ngurumo ya Simba ilisikika mpaka ofisini kwao, mihuri ikadondoka mezani. Simba alivimba mpaka kigoda kikapasuka. Akaletwa Kuchi. Mkaguzi akamwekea mkono, akasema amemwona, na saa moja baadaye alikuwa amekula nyama, ngozi, miguu na mifupa yote. Alieleza kwamba mifupa ni sehemu ya ukaguzi.

Akaja wa pili, Mganga wa nchi za ziwani, kilemba kikubwa kama mzinga wa nyuki. Huyu alisema ngurumo ile imemponya kiwete. Akala Kishungi, yule kijana mwenye manyoya yaliyosimama utosini, akala na manyoya yenyewe. Akaja wa tatu, Mshenga, koti refu linaburuza vumbi, ametumwa na ukoo wa simba wa kusini ambao mabinti zao, kwa maelezo yake, wameacha kula tangu waisikie sauti ya Bwana Mkubwa. Simba alimchagulia majogoo wawili, wote wanene.

Kila mgeni alipofika, Fisi alikuwa safarini kikazi. Kila mgeni alipoondoka, Fisi alirudi akiuliza kama mgeni ameridhika. Tumbo lilikuwa mbele kama ngoma, na alipoulizwa alisema ni njaa, inamjaza gesi.

Asiye na kazi ana muda wa kutazama. Kishingo alikuwa juu ya uzio tangu asubuhi mpaka jioni, na kutoka pale aliona kila kitu, pamoja na nyuma ya choo. Siku ile Mshenga alipoaga, Kishingo alimwona akizunguka choo, akavua koti, akalikunja, akalificha kwenye majani makavu pamoja na kilemba na miwani ya waya, kisha akajilamba kwapani alikodondokewa na mchuzi. Kisha akatoka upande wa pili akiwa Fisi, akipiga miayo ya mtu aliyetoka safari ndefu.

Kishingo aliteremka. Alimwendea kwanza Mzee Jimbi, kwa sababu mzee ni jogoo kama wao. Mzee alimsikiliza, akamwambia vijana wa siku hizi hawana adabu kwa wageni. Kisha, akidhani hasikiki, akahesabu kwa ukucha vijana waliobaki kwenye uzio, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kiti chake kikizidi kuwa kipana.

Basi akamwendea Simba mwenyewe, pale kwenye kichuguu.

"Bwana Mkubwa, wale wageni si wageni."

Simba akageuza kichwa polepole. "Yaani mihuri haikudondoka?"

Kishingo akatazama makucha. Yalikuwa mbele yake, yametoka nje, masafi.

"Ilidondoka, Bwana Mkubwa."

"Na yule kiwete?"

"Anakimbia mpaka sasa."

"Vizuri. Shingo yako hiyo inavutia. Nitakuonyesha kwa mgeni ajaye, aone kwamba hatuna ubaguzi wa maumbile."

Ndivyo Kishingo alivyopata nafasi ya kwanza maishani mwake. Alitoka pale akihisi shingo yake tupu imepigwa na baridi jua likiwa la utosini. Angetoroka, lakini nje ya uzio kulikuwa na mwewe juu na kicheche chini, na wote wawili walikuwa na njaa kuliko boma zima. Akaenda kwa Sungura, si kwa sababu alimwamini, ila kwa sababu hakubakiwa na mwingine.

Sungura alisikiliza, sikio moja limesimama na lingine limelala. Habari ya wenzake Kishingo kuliwa haikumgusa sana. Kilichomgusa ni hesabu nyingine.

"Nyinyi mkiisha," akasema, "semina nitampa nani?"

Akatembea huku na huku akiwaza. Kisha akamwambia Kishingo kwamba kosa lake ni kumwambia mkubwa kwamba amedanganywa. Hilo mkubwa hawezi kulisikia, masikio yake hayana tundu la ukubwa huo. Mkubwa unamwambia anastahili zaidi. "Wewe nenda kamsifu," akasema. "Mwombe karamu. Halafu mwache Fisi na tumbo lake, watamalizana wenyewe."

Kesho yake Kishingo alirudi kichuguuni, akainamisha ile shingo mpaka ikagusa vumbi. Alimwambia Simba kwamba ni aibu boma kubwa namna ile kuwapokea wageni mmojammoja kama ombaomba. Maboma makubwa huwaalika watu wao wa heshima pamoja, siku moja, waonane, wasikizane wakimsifu mwenyeji. Na kwa kuwa wageni hao ni wa heshima moja, hawawezi kutengewa sahani mbalimbali, kila mtu na kona yake. Wakae kwenye sinia moja. Kwanza waletewe makande ya kungojea, waingize mikono pamoja, ndipo waonyeshwe majogoo, ndipo kisu kifanye kazi.

"Na wewe utakuwa miongoni mwa majogoo hao?" Simba akauliza.

"Nitakuwa wa kwanza, Bwana Mkubwa."

Simba alikaribia kutoa chozi. Akamwita Fisi papo hapo, akamwagiza akawaalike Mkaguzi, Mganga na Mshenga, wote watatu, mchana mmoja, sinia moja. Kishingo alikuwa amesimama karibu, akauona uso wa Fisi ukibadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Fisi akaanza kusema Mkaguzi ana likizo. Akasema Mganga ana mafua na Mshenga amefiwa.

"Sawa," Simba akasema. "Nilitaka kumchinjia kila mgeni majogoo wawili. Ambaye hatakuja, wawili wake watarudi kwenye uzio."

Fisi akameza mate. Ungeweza kuyasikia yakishuka. Mtu mwenye akili angekubali wawili akashukuru Mungu. Fisi aliwafikiria wale wanne wakirudi kwenye uzio, wakikaa huko bila kuliwa, na moyo ukamuuma kama mtu aliyeibiwa.

"Watakuja wote," akasema. "Hata yule mwenye msiba."

Siku ya karamu jua lilikuwa kali. Nyani aliwasha moto, akatenga sufuria kubwa juu ya mafiga, na majogoo sita wakafungwa miguu wakalazwa kivulini kando ya jiko, Kishingo mwanzo wa mstari. Kutoka pale alisikia maji yakianza kunong'ona. Mama Tetea alikuja akasimama karibu naye, akawa anamchambua vumbi mgongoni kama alivyofanya alipokuwa kifaranga. Simba alikuwa amechana manywele, ameketi mbele ya sinia la makande. Sungura hakuonekana. Mikeka mitatu ilikuwa mitupu.

Akafika Mkaguzi, miwani puani. Akaketi, akakohoa, akasifia ukubwa wa sinia, akanyoosha mkono. Simba akamzuia, wenzake kwanza. Mkaguzi akasema amewaacha njiani, ngoja akawaharakishe, akatoka mbio kuelekea chooni. Mara akaja Mganga, kilemba kimekaa upande, anahema. Akaketi. Simba akamuuliza kama hakukutana na Mkaguzi hapo nje.

"Nimemwacha anawasalimia mbuzi," Mganga akasema. "Mtu wa watu sana yule. Tuanze tu, atatukuta."

"Hatuanzi. Mshenga yuko wapi?"

Mganga akasema anamwita, akatoka. Akaja Mshenga, amefunga vifungo vya koti vibaya, jasho linachuruzika kwenye ndevu. Simba alikuwa ameanza kupiga mkia chini. Alitaka watatu, alikuwa anampata mmojammoja. Mshenga, kwa kuona hali inachafuka, akaelekea moja kwa moja kwa majogoo, akamshika Kishingo mgongoni, akasema kwa haraka kwamba amemwona, amewaona wote, kwa niaba ya wenzake pia, mpishi aendelee.

Nyani akainua kisu. Maji yalikuwa yanatokota. Kishingo alihisi kidole cha Nyani kikitafuta mahali pa kushika kwenye shingo isiyo na manyoya, kikateleza, kikatafuta tena. Semina zote, alfajiri zote alizokariri, na kilichotoka kilikuwa sauti nyembamba tu.

"Bwana Mkubwa, mikono haijaingia kwenye sinia. Watu watasema umekula na mgeni mmoja."

Simba akanguruma Nyani aache. Akasimama. Akasema anataka mikono ya wageni watatu ndani ya sinia hili, kwa pamoja, sasa hivi, aione kwa macho yake, la sivyo karamu imekufa na majogoo wote wanarudi kwenye uzio.

Mshenga akaondoka kama risasi. Huko nyuma ya choo alimkuta nani? Hakumkuta mtu. Alikuta miwani na kilemba vimeondolewa pale alipoviacha, kimoja kimetundikwa kwenye mti, kingine kimezamishwa ndani ya debe, na kutoka vichakani kulisikika kicheko cha mtu mwenye masikio marefu. Alipovipata, hakukuwa na muda wa kuchagua. Alisikia mwenyeji akihesabu kwa sauti. Akafanya hesabu yake ya mwisho, na kama kawaida tumbo ndilo lililoshika chaki.

Akatokea akiwa amevaa vyote. Kilemba kichwani, miwani juu ya kilemba, koti limepinduliwa nje ndani. Akatembea kwa heshima mpaka kwenye sinia, akaketi kwenye mkeka wa kati, akanyoosha miguu ya nyuma kila mmoja kwenye mkeka wake, akatumbukiza mikono miwili yote kwenye makande.

Boma zima likanyamaza. Hata sufuria nadhani ilipunguza sauti.

"Wewe ni nani?" Simba akauliza.

Fisi akatafuna kwanza.

"Sisi sote, Bwana Mkubwa," akasema. "Tumefika. Tumebanana kidogo, ni uchovu wa safari."

"Mko watatu?"

"Watatu. Majogoo sita, kama tulivyokubaliana."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Tetea. Kisha Nyani, mpaka kisu kikamdondoka. Simba hakucheka. Alinyoosha mkono mmoja, akavuta kilemba, na kilemba kikaanguka na miwani yake, na hapo akabaki mshauri mkuu wa boma, mdomo umejaa maharagwe, aliyeachishwa nyama na daktari.

Sasa sikiliza kilichomuuma mkubwa. Hakuuliza habari za Kuchi. Hakuuliza habari za Kishungi. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, karibu ya mtoto:

"Kwa hiyo ngurumo haikufika ofisini?"

Fisi aliogopa mpaka akasema kweli, kwa mara ya kwanza. "Ilifika jikoni, Bwana Mkubwa. Jikoni ilifika vizuri."

Nani amewahi kumwona fisi akikimbia na koti refu? Alilikanyaga, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, Simba nyuma yake akimchana mkono wa koti kwa kila hatua. Walipita kisimani, wakapita kichuguuni, wakapotelea mtoni. Siku hiyo Simba alinguruma mpaka ndege wa ng'ambo ya mto wakaruka, na hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia kwamba imevuka. Fisi hakurudi. Wanasema bado anatembea upandeupande, na akisikia watu wanacheka anadhani wanamcheka yeye.

Simba alirudi amechoka, manywele yamejaa miiba. Akaagiza majogoo wafunguliwe. Sungura akatoka kichakani akipangusa vumbi, akasema ametambua pengo la uelewa kuhusu wageni, na yuko tayari kuandaa semina, kama bado kuna mchicha. Mzee Jimbi akiwa juu ya paa akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Simba akapiga makofi mara moja, akatangaza kwamba suala limekwisha, haki imetendeka, kila mtu arudi kwenye kazi yake.

Majogoo wakatazamana. Kamba zilikuwa zimewaachia alama miguuni. Wakaanza kurudi mmojammoja kwenye uzio, kwa mazoea, kama kuku walivyo.

Kishingo hakurudi. Aliruka juu ya pipa, kutoka pipa akaruka juu ya ukingo wa jiko, kutoka jiko akatua juu ya paa la ghala, ubavuni mwa Mzee Jimbi. Mzee akamwambia ashuke, hapo ni pa watu wenye uzoefu. Kishingo akajibanza, akapata pa kuweka miguu. Akajaza kifua. Wote walidhani atawika, hata mzee akaziba masikio. Lakini hakuwika. Alizungumza, polepole, ili asije mtu akasema hakusikia.

"Bwana Mkubwa, kazi gani hiyo turudi? Fisi alikula, lakini mikono iliyonyooshwa kikaoni haikuwa yake peke yake, nilikuwa kwenye uzio nikiwatazama. Ng'ambo ya kilima kuna maboma yana mitetea na hayana jogoo, wenyewe wanaamshwa na punda. Tupelekeni huko, mkabadilishane na wao kama watu wenye akili. Au mshusheni mzee, apumzike, amechoka na sisi tumechoka. Au semeni hapa mbele ya mama zetu kwamba mlitutotoa kwa ajili ya sufuria, tujue moja. Tunataka jibu leo, jua likiwa bado juu. Na mjibu nyinyi wenyewe mlioatamisha. Msitutumie mshauri."